Albamu hii ya sarafu haifai kwa hewa ya Lamu

Nimeitumia mwaka mzima, na naandika ili mwenzangu mwenye senti za zamani asipatwe na lililonipata. Niliinunua mtandaoni kwa shilingi 1,800, ikaja kwa basi hadi Mokowe, kisha boti. Mshono wake ni imara, na mifuko ya plastiki laini hukuwezesha kuiona sarafu pande zote mbili bila kuishika. Kwa hayo naisifu.

Nilitia humo senti za tundu za Afrika Mashariki, zile ambazo bibi yangu alikuwa akizitunga kwenye uzi, pamoja na ile niipendayo kuliko zote: senti kumi ya 1936 yenye jina la Edward wa Nane, mfalme wa Uingereza. Mfalme huyo aliacha kiti Desemba mwaka huohuo. Senti hizi hazina sura yake, kwa kuwa kati ni tundu. Lililopo ni jina tu, EDWARDVS VIII. Zilitengenezwa nyingi, kwa hiyo muuzaji akikutajia bei ya dhahabu, mwache aende zake.

Albamu niliiweka kwenye kidaka, ukutani. Kusi ilipoisha nikaifungua. Harufu kali ikanipiga, na shaba yote imefunikwa na ute wa kijani, unanata kidoleni. Niliumia sana. Tusiisingizie bahari peke yake: plastiki laini ya PVC hutoa asidi kidogo kidogo, joto na unyevu vikaizidisha. Pesa yangu ya Sultani Barghash wa Zanzibar, ile yenye picha ya mizani ya 1299 Hijria (1882), ilisalimika kwa sababu ilikuwa bado kwenye karatasi.

Jirani alinishauri nizisugue kwa ndimu na majivu kama tufanyavyo sinia. Tafadhali usithubutu! Ukiisugua sarafu, umeivua ngozi na thamani yake. Mimi nilizilaza kwenye asetoni safi, kiowevu cha kuyeyusha ute huo, ndani ya bakuli la kioo, dirisha wazi, mbali na moto, nikazitoa zikauke zenyewe. Ute ulitoka, palipokwisha kuliwa hapakurudi.

Sasa natumia vipande vya karatasi ngumu vyenye dirisha la plastiki ngumu isiyo PVC. Chukua vya kujigandisha, maana pini za stepla hushika kutu huku upesi. Kwenye boksi natia vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Hewa ya nchi zetu iliwahi kumshinda hata mkoloni: senti zake za alumini za 1907 na 1908 hazikustahimili, na 1909 akahamia mchanganyiko wa shaba na nikeli. Ukipata ya alumini iliyo safi, ihifadhi kama mboni ya jicho.

Nyota mbili kwa tano, zote za mshono. Ile ya 1936 imebaki na doa jeusi juu ya herufi W.