Kiwanja cha kulipia kwa awamu Kigamboni: uzoefu wangu tangu kianzio mpaka hati

Kianzio nililipa Machi 2022. Machi 2023 nikamaliza deni lote. Mkataba ulisema hati itatoka ndani ya siku 90 baada ya malipo kukamilika. Hati nimeipata Februari 2025, miezi 23 baada ya kulipa shilingi ya mwisho.

Huduma ninayoizungumzia ni ile inayotangazwa kila siku hapa Dar es Salaam: kampuni inanunua shamba kutoka kwa wenyeji, inalikata viwanja, inakuuzia kwa awamu bila riba. Jina la kampuni silitaji, maana niliyoyapitia kwao wenzangu wameyapitia kwa wengine huko Chanika na Kibaha. Nawapa nyota 3 kati ya 5. Someni mpaka mwisho kabla hamjaniuliza kwa nini si 1, na kwa nini si 5.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Tangu 2014 nimepanga Mbagala, chumba, sebule na choo cha ndani, 150,000 kwa mwezi. Ila hakuna anayepokea kwa mwezi. Unatoa 900,000 ya miezi sita kwa mkupuo, na ukikaribia kuimaliza unaambiwa kodi imepanda. Halafu kuna hili la LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, Julai 2023 ikawa 1,500. Ni kodi ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Miaka yote hiyo sijarudishiwa hata mwezi mmoja, na kila nilipouliza nilionekana mkorofi.

Benki nilikwenda. Mikopo ya nyumba kwetu riba yake wakati huo ilikuwa inacheza kati ya asilimia 15 na 19, na walitaka dhamana yenye hati, kitu ambacho ndicho nilikuwa nakitafuta. Kwa hiyo mtu wa mshahara kama wangu anabaki na njia mbili: dalali wa mtaani au kampuni ya viwanja. Niliogopa dalali, nikaenda kwa kampuni.

Siku ya kwenda saiti tulipanda Coaster yao Jumamosi asubuhi, tulikuwa watu ishirini na kitu. Tukapita daraja, Kibada, tukaingia barabara ya Mwasonga inayopitwa na malori ya saruji. Afisa mauzo, kijana mpole, alitugawia maji na vipeperushi. Juu ya kipeperushi kwa herufi kubwa: VIWANJA VIMEPIMWA. Tulipofika alinishika mkono akanipeleka kwenye nyasi zilizofika kiunoni, akazilaza kwa mguu, akanionesha bikoni, yaani jiwe la mpaka la wapima ardhi. "Dada, inama uisome mwenyewe." Nikainama. Kipande kidogo cha zege, katikati nondo fupi, na pembeni herufi na tarakimu zilizochorwa saruji ikiwa mbichi. Nilizipapasa kwa kidole. Niliamini pale pale. Nilikuwa nimezoea kusikia watu wakidhulumiwa mashamba yasiyo na alama yoyote, na mimi hapa nimeshika jiwe lenye namba.

Kiwanja mita za mraba 600, shilingi 12,000 kwa mita, jumla 7,200,000. Kianzio asilimia 30, yaani 2,160,000. Iliyobaki 420,000 kila mwezi kwa miezi 12. Zilitoka kwenye mshahara, tuisheni za jioni, na upatu wa walimu wa kike pale shuleni ambao nilipewa zamu mbili mfululizo kwa huruma ya wenzangu.

Hapa niwape haki yao. Miezi hiyo 12 walinitendea vizuri. Kila rejesho lilikuwa na risiti. Mwezi wa tatu mwanangu alilazwa, nikashindwa kulipa miezi miwili, wakaniandikia barua ya kuniongezea muda bila faini, na mwisho wa mwaka nikawa nimefidia. Barabara za ndani waliziacha kwa upana ule ule ulioko kwenye mchoro. Na kiwanja changu hawakumuuzia mtu mwingine. Kwa hali ya ardhi ilivyo Dar, hilo la mwisho peke yake lina thamani kubwa kwangu.

Shida ilianza nilipomaliza kulipa. Juni 2023 nikauliza hati. "Ziko wizarani, mama." Julai, ziko wizarani. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa napita ofisini kwao, na jibu likawa hilo hilo mpaka mlinzi akanizoea. Yule kijana wa mauzo alikuwa ameshaacha kazi. Mwaka ukaisha.

Mwanzoni mwa 2024 nikasikia kuna Kliniki ya Ardhi, ile ya maafisa wa wizara kutoka ofisini na kukaa na wananchi kwenye maturubai. Nikaenda na bahasha yangu. Nilikaa foleni tangu saa moja, nikaitwa saa tano. Alinipokea mama mmoja wa makamo mwenye miwani, akachukua mkataba, akaandika namba ya kiwanja na kitalu kwenye kompyuta, akasubiri, akaandika tena.

"Mwalimu, hiki kiwanja kwetu hakipo."

Nikamwambia hakipo vipi na bikoni nimezishika kwa mikono yangu.

"Bikoni ziko shambani, sikatai. Kwenye ramani iliyoidhinishwa hakipo."

Akageuza karatasi yangu, nyuma yake akanichorea kwa kalamu. Kwanza unaandaliwa mchoro wa mipango miji, unaidhinishwa. Kisha mpima anakwenda shambani, anapanda bikoni, anachukua vipimo. Vile vipimo vinakuwa ramani ya upimaji, inakwenda kukaguliwa, ikikubaliwa inapewa namba ya usajili. Hapo ndipo kiwanja kinazaliwa kisheria, na hapo ndipo umilikishaji unaweza kuanza: maombi, ankara, malipo, hati. Akazungushia duara kati ya bikoni na ramani. "Nyie mmekwama hapa. Mpima kapanda mawe, ramani haijapita."

Hili ndilo nataka kila anayesoma alishike. Neno "kimepimwa" kwenye tangazo linaweza kuwa na maana kwamba mtu alikuja akafukia zege, basi. Mimi na elimu yangu sikulijua, na nililipa milioni 7 juu ya neno hilo. Kipande kile cha karatasi nimekitunza pamoja na hati.

Nikarudi nyumbani nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp la wanunuzi wa mradi ule. Tulikuwa 34. Wengine walikuwa wameshamwaga mchanga na tofali. Tukakubaliana twende ofisini siku moja, wote, bila fujo, na barua moja yenye sahihi zetu. Tulikwenda 19. Meneja alikubali kutusikiliza, na kwa mara ya kwanza tukaambiwa ukweli: ramani ilikwisha kurudishwa zaidi ya mwaka mmoja nyuma, kwa sababu mstari wa kaskazini wa shamba uliingia kwenye eneo la jirani ambalo lilikuwa limeshapimwa na ramani yake imepita. Walijua. Walijua wakati napeleka marejesho ya mwisho mwisho, na hakuna aliyefungua kinywa. Kosa la kipimo naweza kulisamehe, mpima ni binadamu. Kunyamaza huku unapokea 420,000 ya mwalimu kila mwezi, hilo ndilo lililowaondolea nyota mbili.

Mei 2024 wakaleta mpima mwingine. Nilimwomba mkuu wa shule ruhusa, nikaenda kusimama pale mwenyewe. Bikoni mbili za nyuma ziling'olewa, zikasogezwa ndani. Kiwanja changu kikatoka mita 600 kikawa 561. Nikauliza fidia ya mita 39. Wakanionesha kifungu cha mkataba: ukubwa unaweza kuongezeka au kupungua baada ya upimaji wa mwisho, na ukiongezeka mnunuzi atalipia ziada. Kwa upande wa kupungua mkataba ulikuwa kimya. Nikatafuta wakili wangu mwenyewe, nikamlipa 100,000, akaandika barua ya ukurasa mmoja kwamba kama ziada inalipiwa, upungufu nao unarudishwa kwa bei ile ile. Mita 39 kwa 12,000 ni 468,000. Ilichukua miezi minne, lakini waliilipa yote kwenye akaunti yangu, nami nawashukuru kwa hilo.

Wakili huyo alinifundisha jambo ambalo ningelipaswa kulijua tangu 2022. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mauziano ya ardhi yawe kwa maandishi, na maandishi yale ndiyo kinga yako. Mimi nilisaini mkataba ulioandaliwa na kampuni, mbele ya wakili aliyeletwa na kampuni, kwa dakika kumi, nikiwa nimesimama. Laki moja ile ningeitoa kabla ya kianzio, pengine vifungu viwili vingebadilika: kile cha ukubwa, na kile cha siku 90 ambacho hakikusema kampuni itafanya nini siku hizo zikipita.

Gharama za hati nazo zina somo. Mkataba ulitaja "gharama za hati shilingi 1,000,000" bila mchanganuo. Ramani ilipopita, nikaomba kuiona ankara ya serikali. Jumla yake haikufika nusu ya milioni. Nikailipa mwenyewe kwa kumbukumbu namba ya malipo, kampuni nikawapa 150,000 ya ufuatiliaji, wakanipa risiti. Hawakubisha. Nadhani wengi hawaulizi, na wasiouliza wanalipa milioni nzima.

Kwa hiyo anayetaka kununua kwa njia hii, mimi simkatazi. Bila awamu zile nisingekuwa na ardhi leo, na sioni benki itakayonipa masharti kama yale. Ninachomsihi ni kwamba kabla ya kutoa kianzio aombe namba ya usajili ya ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, siyo picha ya mchoro, siyo video ya droni. Aichukue aende nayo idara ya ardhi ya halmashauri ya eneo hilo, aulize kama namba ya kiwanja chake imo ndani yake. Watu hudhani upekuzi, yaani kuuliza kumbukumbu za ardhi serikalini, ni kwa ardhi yenye hati tu, wakiambiwa "hati bado" wanaacha kuuliza. Hata pasipo hati, ramani ipo au haipo. Na aombe kuona maandishi ya mauziano kati ya kampuni na familia iliyouza shamba, maana mashamba mengi ya huku ni ya ukoo na warithi ni wengi. Kampuni ikisema hizo ni siri za ofisi, apande daladala arudi kwake na pesa yake.

Natamani pia serikali izuie kabisa neno "vimepimwa" kwenye matangazo mpaka ramani iwe imepita. Nasema hivi kwa uchungu. Pale kwenye foleni ya kliniki, wenye bahasha kama yangu walikuwa wengi: mfanyakazi wa ndani aliyekusanya miaka sita, mzee mstaafu aliyetia kiinua mgongo chake chote, vijana wawili waliooana mwaka ule. Hakuna kati yao aliyekuwa na tamaa. Walifuata njia waliyoambiwa ni salama kuliko dalali.

Hati yangu ni ya kidijitali, ina jina langu na ukubwa wa mita 561. Nimeshapanda minazi mitatu mpakani na nimeanza kukusanya mawe ya msingi, lori moja moja.

Jirani yangu wa nyuma bado. Ni mama anayeuza samaki soko la Feri. Mstari uliposogezwa, kiwanja chake karibu chote kiliangukia upande wa pili. Kampuni inampa kingine bondeni, mbali na barabara, kwa bei ile ile, naye hataki. Baraza la Kata lilijaribu kuwapatanisha, siku 30 zikapita bila muafaka, sasa shauri limefunguliwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mimi ni shahidi wake. Juzi alikuja kwangu tukapanga nyaraka mezani, risiti zake zote zina harufu ya dagaa. Kipeperushi chake kilipotea, nikampa changu cha 2022, akakikunja taratibu kwenye kanga, kile chenye VIMEPIMWA kwa herufi kubwa.