Hadubini ya USB ya Kariakoo: kwa kusoma nywele za makaburi ya kale inafaa, ila taa yake sasa

Kwa mnaosoma akiolojia hapa Dar na mnaulizia hizi hadubini ndogo za kuchomeka kwenye laptopu, mimi yangu nimeitoa Kariakoo kwa 75,000 na nasema chukua, ila maandishi ya kwenye boksi achana nayo. Eti inakuza mara 1000, wapi, ukivuta sana picha inakuwa ukungu mtupu.

Kazi yangu ni kuangalia nywele zinavyodumu au kuoza kaburini. Nywele ni ngumu kufa kwa sababu keratini yake (protini inayounda nywele) imekazwa na vifungo vya salfa, ndo maana kule Greenland kwenye ardhi ya barafu walipata nywele za mtu wa miaka kama 4,000 iliyopita na mwaka 2010 wakasoma sehemu kubwa ya jenomu yake (DNA yake yote) kutoka humo. Huku pwani kwetu, joto na unyevu, fangasi wanazimaliza mapema sana.

Hilo ndo hii hadubini inakuonyesha. Nimefukia nywele za kinyozi kwenye ndoo mbili, moja mchanga mkavu, nyingine udongo wa bustani naumwagia maji. Za mchanga bado zinang'aa, za udongo zimepauka na zina vidoa vyeusi vinavyokatiza unywele toka pembeni kwenda ndani, kama mti ulioliwa na bungua, hapo fangasi kashatoboa. (Nywele chukua kwa kinyozi wa kiume, saluni za kina dada utaokota nyuzi za rasta, ile ni plastiki haiozi leo wala kesho.)

Shida taa. Inamulika toka juu, unywele unarudisha mwanga huoni kitu. Zima taa yake, weka unywele kwenye kipande cha kioo cha kupitisha mwanga na tone la gliserini, chini ya kioo weka tochi ya simu iliyofunikwa tishu, utafurahi.

Magamba ya nje ya unywele haikupi, hayo yanataka hadubini nzuri ya maabara au ya elektroni. Na jamani msiende kufukua makaburi ya kale ya Kunduchi kisa mna kifaa, wale ni watu wamezikwa, na kuchimba kunataka kibali cha serikali.

Ukienda kununua beba laptopu yako, waichomeke hapohapo uone picha ndo utoe hela.