Mzigo wa Guangzhou kuja Dar: kushea kontena au kuchukua zima?

Watu wengi wanauliza bei ya CBM (mita moja ya ujazo) tu, ila kwenye kuchelewa hizi njia mbili ni tofauti kabisa. Ukishea, mzigo unakaa godauni mpaka kontena lijae, na hata likifika bandarini bado mko wengi humo ndani, mmoja akiwa na invoisi isiyoeleweka au bidhaa inayotakiwa cheti cha ubora cha TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na yeye hana, basi wote mnasubiri, viatu vyako na mapazia ya mwenzio vimefungiwa pamoja.

Kontena zima la futi 20 likijaa linapigwa sili linaondoka, makaratasi ni yako peke yako. Ila storeji (gharama ya mzigo kukaa bandarini) na dimareji (faini ya kuchelewa na kontena la kampuni ya meli) nazo zako peke yako, kwa hiyo BL (hati ya mzigo ya meli) na pakingi listi (orodha ya vilivyopakiwa) mtumie wakala wa forodha meli ikiwa bado baharini, na idadi ya katoni ifanane kote.

Mi naona kuanzia CBM 15 hivi chukua zima. Chini ya hapo shea, ila mbane ajenti anayekusanya mizigo akwambie kontena linafungwa lini. Na mwaka mpya wa Kichina, Januari au Februari, viwanda vinafungwa, so njia yoyote ile oda iweke mapema, Novemba.