Unanunua Land Rover Dodoma? Ingia uvunguni kwanza

Ujumbe ulionifanya niandike haya umetoka kwa msomaji wa Kondoa. Alinunua Land Rover 110 nyeupe, rangi inang'aa, tairi mpya, redio inaimba. Msimu wa mvua haujaisha, bodi ikaanza kulalia upande mmoja. Akaipeleka kwa fundi, fundi akaweka jeki chini ya chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, na kuanza kupiga. Jeki ikawa inapanda, gari haliendi popote. Kumbe jeki ilikuwa inatoboa chesisi na kuingia ndani yake.

Nilipoligusia jambo hili, wakaibuka wengine, wa Manyoni, wa Mpwapwa, hata mama mmoja wa hapa hapa Nkuhungu, na wote wanalia kilio hicho hicho. Kwa hiyo leo sitawaambia mkague tairi, wala msikilize injini, wala muulize gari linakula lita ngapi. Hayo shemeji yako yeyote atakuelekeza, tena bila kuulizwa. Nataka tuongee chesisi, maana ndiyo inayowamaliza watu na hakuna anayeinama kuiangalia.

Ugonjwa huu Land Rover imezaliwa nao. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na Jeep ya kijeshi kwenye shamba lake kisiwani Anglesey. Yeye na kaka yake Spencer, aliyekuwa anaiongoza kampuni, wakaona kwa nini wasitengeneze ya kwao. Vita vilikuwa vimeisha juzi tu na chuma kilikuwa cha mgao, lakini alumini ilipatikana. Ndiyo maana bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini. Pesa za mitambo mikubwa ya kukandamizia chesisi nazo hazikuwepo, hivyo wakakata mapande marefu ya bati nene la chuma, wakayachomelea manne manne hadi yakawa boksi lenye uwazi ndani. Gari likaoneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Wakati huo huo Waingereza wengine walikuwa hapa Kongwa wanahangaika na ule mradi wao wa karanga, ulioanza 1947 na kufa 1951, wakilimia matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru vya vita. Serikali ilimwaga mamilioni Kongwa ikavuna hasara, na ndugu wawili waliobana matumizi wakatoa gari lililodumu hadi tarehe 29 Januari 2016, Defender, jina la baadaye la gari hilo hilo, ya mwisho ilipotoka kiwandani Solihull. Kampuni ilipita mikononi mwa BMW mwaka 1994, Ford mwaka 2000, Tata ya India mwaka 2008, na wote hao waliendelea kuweka bodi ya alumini juu ya chesisi ya boksi.

Sasa shida iko hapo. Alumini haishiki kutu ile nyekundu tunayoijua. Gari la miaka 30 unaliona mlango umenyooka, madigadi safi, unasema hili limetunzwa. Chini yake kuna boksi la chuma lenye matundu ya kutolea maji, na matundu hayo yakizibwa na tope, maji hayatoki tena. Chesisi inaoza kama jino, kuanzia ndani, na nje inabaki nyeusi imependeza.

Najua mtakachosema: Dodoma ni kukavu, kutu itoke wapi? Ni kweli, gari lililoishi Dodoma, Singida au Kondoa maisha yake yote lina nafuu kubwa kuliko lililokaa Tanga au Dar kwenye upepo wa chumvi. Na yale yanayoletwa yametumika kutoka Uingereza ndiyo muyaogope zaidi, maana kule wakati wa baridi humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Lakini na sisi tuna yetu. Ule udongo mweusi wa mbuga za Bahi ukiingia kwenye chesisi mwezi wa kwanza, unakaa na unyevu wake mpaka kiangazi kimeshika. Wafugaji nao wanabeba magunia ya chumvi ya mifugo nyuma, gunia linachuruzika, chumvi inatelemka kwenye boriti ya nyuma. Na kwenye kuoshea magari, kijana atakusugulia hadi rimu, lakini mpira wa maji hauingizi ndani ya chesisi hata umuongeze hela.

Namna ya kukagua ni hivi. Nenda na kinyundo kidogo na bisibisi pana. Tandika kipande cha turubai, lala chini. Anza na ile boriti ya nyuma, pale panapofungwa ndoano ya kuvutia. Gonga taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Chuma kizima kinalia "ngi", mkono unasikia kinyundo kinarudi. Kilichooza kinatoa sauti nzito iliyokufa, na kinyundo kinazama kidogo. Ukiisikia hiyo, sukuma bisibisi. Ikiingia, jibu umelipata. Kisha nenda kwenye mikono inayotoka ubavuni mwa chesisi kubeba bodi, hasa iliyo chini ya miguu ya dereva na abiria. Angalia pia chesisi inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, tope linapenda kulala hapo. Mwisho inua zulia la mbele utazame sakafu na ule ukuta unaotenga kabini na injini. Ukuta huo ni wa chuma, si alumini, na pembe zake za chini huoza kimya kimya.

Ukikuta chesisi imepakwa rangi nyeusi nene, mpya, kwenye gari ambalo kila kitu kingine ni cha zamani, usifurahi. Kwangua kwa ukucha. Nimeona puti chini ya rangi ya namna hiyo, puti ya kunyooshea bodi, imejazwa kwenye tundu la chesisi linaloingia vidole viwili. Kuna lingine lilikuwa limejazwa gazeti kwanza ndipo likapakwa puti. Aliyefanya kazi hiyo anajua kabisa kwamba kuna familia itapanda kilima na gari hilo.

Haya, tupange magari. Naanza na ninalolipenda na sitajifanya hakimu: mimi ni mtu wa Land Rover, baba alikuwa anaendesha Land Rover 109 ya shirika na nilijifunza gia kwenye magoti yake.

La kwanza ni Defender 110 yenye injini ya 300Tdi, zile za kuanzia 1994. Dizeli ya lita 2.5, ina turbo, haina kompyuta. Fundi yeyote wa Kizota anaifungua akiwa na seti ya kawaida ya spana. Springi zake ni za koili, jambo ambalo 110 ililianza 1983 kwa kuiga Range Rover ya 1970, na mgongo wako utashukuru ukitoka Mpwapwa. Angalizo ni mkanda wa taiming. Matoleo ya mwanzo yalikuwa yanautafuna kwa sababu haukukaa mstari mnyoofu, baadaye kiwanda kikatoa vifaa vya kurekebisha. Kama muuzaji hajui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Kwa vumbi letu mimi sivuki kilomita 60,000. Inavuja oili? Ndiyo, kidogo. Ikiacha kuvuja kabisa, pima, huenda imeisha.

La pili ni Land Cruiser mkonga, yenye injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, haina turbo wala mbwembwe. Wenye Toyota msinipige mawe kwa kuiweka ya pili. Nakiri spea zake zipo kila mtaa na injini ile ina moyo wa chuma. Ila bodi nayo ni ya chuma, kwa hiyo mnaogopa kutu juu na chini. Na bei! Mkonga uliokwishatumika na mradi, ukaendeshwa na madereva wasiohesabika, ukauzwa mnadani, ukapakwa rangi, bado anakutajia bei ya kununulia kiwanja.

La tatu ni 109, ile Series III ya kuanzia 1971. Hili ni la shamba. Springi za mabamba, usukani mzito, na kelele hadi mnaelewana kwa mikono. Ukizoea kuunganisha magurudumu ya mbele wakati unayahitaji tu, halina makuu. Chesisi yake ndiyo yenye umri mkubwa kuliko zote humu, kwa hiyo kinyundo kifanye kazi mara mbili. Ekseli za nyuma zinaweza kukatika ukilazimisha mzigo, hasa kwenye matoleo ya zamani, nunua ya akiba mapema.

La nne, 110 ya Td5, 1998 hadi 2006. Ina nguvu tamu, silinda tano, lakini inaongozwa na kompyuta iliyowekwa chini ya siti. Oili ya injini hupenya kwenye waya za nozeli, ikasafiri ndani ya waya hadi kwenye plagi ya kompyuta. Gari linaanza kukohoa, fundi anabadilisha pampu, anabadilisha nozeli, anakumaliza hela, wakati tatizo ni kipande cha waya. Chomoa plagi nyekundu uangalie. Ikiwa na oili, omba punguzo.

La tano, Discovery ya kwanza, ile ya 1989 hadi 1998. Ina injini hizo hizo za Tdi na bei ya chini, na watu wanaiparamia kwa sababu ina siti nzuri. Mabati ya nje mengi ni alumini, ila mifupa ya bodi ndani ni chuma: sakafu ya buti inaoza hadi unaona barabara. Inua zulia la nyuma.

Defender mpya iliyoanza kuuzwa 2020 inatengenezwa Slovakia na haina tena chesisi iliyotengana na bodi, kwa hiyo hainihusu mimi wala mifuko yenu. Wenye bajeti ndogo: Suzuki Escudo, songa mbele. Freelander, ile Land Rover ndogo, hapana.

Ndipo tuje kwa madalali, na hapa mniwie radhi nitapandisha sauti. Tangu lile tamasha kubwa la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024, kila mtu mwenye 109 iliyolala chini ya mwarobaini, kuku wametagia kwenye siti, anataka bei ya gari linalotembea. Unaambiwa "hii ni klasiki, dada." Klasiki gani haina gia boksi? Mwenye gari anataja bei yake, dalali wa kwanza anaweka cha juu, anampa wa pili naye anaweka cha kwake, ukifika wewe gari limepanda kwa watu watatu ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuliwasha. Wakikuona mwanamke ndiyo kabisa, wanazungumza na mdogo wako wa kiume uliyekuja naye, wewe mwenye pesa unasimama pembeni kama umesindikiza. Na ukitoa kinyundo mkoba unapofunguka, nyuso zinabadilika: "Dada, utaharibu rangi." Rangi ya chesisi! Muuzaji asiyetaka uingie uvunguni amekwisha kukukagulia gari bure, chukua bodaboda urudi nyumbani.

Tuseme umeshanunua na boriti ya nyuma imeoza. Usikubali kupachikiwa bati jipya juu ya bovu. Kutu inaendelea kula katikati, na msimu unaofuata unachomelea tena. Sehemu mbovu ikatwe hadi chuma kizima, boriti mpya iungwe hapo. Kwenye 110 tangi la mafuta liko nyuma, karibu kabisa na boriti hiyo, kwa hiyo fundi wa kuchomelea alishushe kwanza, na betri ichomolewe. Atakuambia ameshafanya hivyo mara nyingi bila kushusha. Mwambie ashushe. Kama chesisi imeoza kila mahali, Uingereza kuna kampuni kama Richards na Marsland zinazotengeneza chesisi mpya zilizochovywa kwenye zinki, ila piga hesabu ya meli, na ushuru, na VAT ya asilimia 18 kabla hujaota.

Iliyo nzima itunze. Mwisho wa mvua ingiza mpira wa maji wenye nguvu kwenye matundu ya chesisi hadi maji yatoke masafi, acha gari lianikwe siku kadhaa za jua, kisha pulizia oili ndani kwa kompresa. Oili isiguse breki wala mipira ya springi.

Na kabla ya kulipa, soma namba ya chesisi. Kwenye 110 na Defender imegongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia mbele, jirani na gurudumu, na huanza na SAL. Futa tope, isome herufi kwa herufi ukilinganisha na kadi ya gari na kile kibati kilicho ndani ya boneti. Tazama kama kuna mstari wa kuchomelea kuzunguka namba. Kuna mafundi wanaokata kipande chenye namba kutoka chesisi iliyokufa na kukiunga kwenye nyingine, na siku ya kubadilisha umiliki TRA au ukisimamishwa na polisi, anayeulizwa maswali ni wewe, dalali simu yake haipatikani.

Kinyundo kinauzwa Majengo.