Kuinua Land Cruiser ya Safari: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Mwenye gari la safari anapofika kwenye gereji za Unga Limited, Arusha, na kuomba gari lake liinuliwe, yaani likae juu zaidi kutoka ardhini, fundi humuuliza anataka inchi ngapi. Mimi ningependa aulizwe kwanza gari linabeba kilo ngapi. Land Cruiser iliyorefushwa kwa ajili ya wageni saba hubeba pia friji, matairi mawili ya akiba, tangi la ziada la mafuta na paa la kufunguka, na sehemu kubwa ya mzigo huo haishuki hata siku gari linaporudi mjini bila mgeni. Mpangilio ninaoutoa hapa umefuata uzito huo, na unahusu hasa Land Cruiser za mfululizo wa 70 zenye springi za koili (za kujiviringisha) mbele na za bapa (vipande virefu vya chuma vilivyopangwa) nyuma.

Nafasi ya kwanza naipa seti kamili ya kuinua takriban milimita 50, yenye springi, shokapu na bushi (vipira vya kwenye viungio) zilizotengenezwa zifanye kazi pamoja. Old Man Emu, Ironman 4x4 na Tough Dog, zote za Australia, huuza springi kwa madaraja ya uzito, kwa hiyo lipime gari kwenye mizani likiwa na mzigo wake wa kawaida kabla ya kuagiza. Springi ngumu kuliko mzigo hurusha wageni kwenye viti. Laini kuliko mzigo hulaza nyuma chini, na ule urefu uliolipia unapotea. Fedha ikipungua, usipunguze kwenye shokapu. Ukishapita lango la Lodoare la Ngorongoro kuelekea Naabi, lango la Serengeti, changarawe yenye mikunjo huichemsha shokapu dhaifu, mafuta ndani yake yanatoka povu, na gari linaanza kuelea kama mtumbwi.

Katika ununuzi huo huo weka vifaa vya usukani, visiachwe vya baadaye. Ekseli ya mbele ya gari hizi imeshikwa na mikono miwili mirefu, hivyo gari likipanda juu, ekseli huzunguka kidogo na kupunguza kasta, ule mlalo unaofanya usukani urudi wenyewe katikati baada ya kona. Dereva huligundua jambo hili kwenye lami ya Makuyuni, pale gari linapotangatanga na kumlazimu kulirekebisha kila mara. Dawa yake ni bushi maalumu za kurudisha kasta. Panhadi rodi nayo, ambayo hushika ekseli isiende pembeni, huivuta ekseli upande mmoja gari likiinuliwa. Ya kurekebishika urefu huirudisha mahali pake.

Kabla ya kulipia chochote, lala chini ya gari huku mwenzako akichezesha usukani kushoto na kulia kidogo kidogo, injini ikiwa imezimwa na magurudumu yamewekewa kabari. Weka vidole kwenye kila kiungio cha taitirodi, fimbo inayounganisha usukani na magurudumu, kimoja baada ya kingine. Kiungio kizima hutembea pamoja na fimbo yake. Kilichochoka utakisikia kikigonga kwenye ncha za vidole kabla gurudumu halijasogea. Hicho kibadilishwe kwanza, kwa kuwa kuinua gari lenye viungio vilivyolegea ni kuongeza hatari.

Shokapu ya usukani, ile ndogo inayotuliza mitikisiko ya usukani, ndiyo huuzwa sana kama tiba ya usukani unaotetemeka, na hapo naomba msomaji anisikilize. Gari langu lilianza kutetemeka vibaya baada ya kupiga shimo karibu na Mto wa Mbu, gereji moja ikanifungia shokapu mpya ya usukani, na wiki mbili baadaye mtetemo ukarudi nikiwa na abiria. Chanzo kilikuwa tundu la bolti ya panhadi rodi lililopanuka na kuwa kama yai. Shokapu ile ilikuwa imeuficha ugonjwa tu.

Nafasi ya pili ni springi nzito na shokapu bora bila kuongeza urefu, na kwa mtu wa Moshi anayepeleka wapandaji Marangu au Machame naona inatosha kabisa. Vipande vya kuwekwa juu ya koili vinashika nafasi ya tatu: ni rahisi, lakini springi iliyochoka inabaki imechoka. Kwenye Prado yenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea, vipande vinene hukunja viungio vya shafti za mbele na kuvila mapema. Mwisho kabisa ni kuongeza bapa lililookotwa kwenye gari jingine au kurefusha vishikizo vya springi za nyuma. Kuinua kwa milimita 100 sikupendekezi kwa gari lolote linalobeba wageni.

Wakati wa kufunga, simamia mambo machache. Bolti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa chini limesimama kwa uzito wake, maana zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira hubaki umesokotwa na huchanika upesi. Mipira inayopitisha mafuta ya breki iangaliwe ekseli ikiwa imeshuka kabisa, isiwe imevutika. Kisha gari lipelekwe kwenye alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu, siku hiyo hiyo. Yubolti za nyuma, bolti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ambazo lazima ziwe mpya, zikazwe tena baada ya kilomita 500, yaani karibu safari mbili za Arusha hadi Karatu kwenda na kurudi.