DVD nne za Paul Muni: anzeni na ile isiyo na ndevu

Kazi yangu ni kupaka waigizaji sura. Nazeesha vijana, natia makovu, nabandika ndevu, kwenye tamthilia za televisheni na mara mojamoja jukwaani, hapa Dar es Salaam. Nilianza shule ya msingi Korogwe, siku ya sherehe ya wazazi, mwalimu aliponipa majivu na kipande cha mkaa akaniambia nimgeuze mwenzangu awe babu. Tangu siku hiyo nikitazama filamu yoyote macho yangu huanzia pembeni mwa uso, pale nywele zinapoota, maana hapo ndipo uongo unapoonekana kwanza.

Ndiyo sababu nilimtafuta Paul Muni, mwigizaji wa filamu za Marekani za miaka ya 1930. Mwalimu wangu wa kazi alikuwa akimtaja kila mara kama mtu aliyejipaka mwenyewe, asiyengoja mpambaji. Nilipata DVD nne zilizotumika, nikalipa dola 31 kwa zote, shemeji yangu aishiye Maryland akanibebea alipokuja likizo: Scarface, I Am a Fugitive from a Chain Gang, The Story of Louis Pasteur na The Life of Emile Zola.

Kabla hujatoa pesa, sikiliza hili. Diski za Marekani zimefungwa kwa eneo namba 1, na deki nyingi zinazouzwa kwetu ni za eneo namba 5. Deki yangu ilizikataa zote nne. Nilizitazama kwenye kompyuta ya kijana wangu, kwa programu isiyojali eneo. Tena, diski ya Pasteur ilifika na mkwaruzo mrefu, inakwama kila ikikaribia mwisho. Nilimwandikia muuzaji mara tatu na hakujibu. Manukuu ya Kiswahili hakuna. Kiingereza cha filamu za zamani kinakwenda mbio, sauti ni ya kukwaruza, kwa hiyo washa manukuu ya Kiingereza hata kama unajiona unakijua.

Sasa mtu mwenyewe. Alizaliwa 1895 katika mji wa Lemberg, uliokuwa chini ya Austria na Hungaria wakati huo. Leo unaitwa Lviv na uko Ukraine. Wazazi wake walikuwa Wayahudi na waigizaji, na jina alilopewa ni Meshilem Meier Weisenfreund. Walihamia Marekani 1902, na baadaye wakawa na jukwaa lao Chicago, wakiigiza kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Huko ndiko mtoto alikojifunza kazi. Akiwa na miaka 12 aliigiza mzee wa miaka 80. Niliposoma habari hiyo niliweka kitabu chini. Nimewapaka vijana wa miaka 25 wakashindwa kumbeba mzee wa miaka 60, kwa sababu mikunjo naichora mimi lakini mgongo, shingo na pumzi lazima avilete yeye. Huyu alivileta akiwa na miaka 12, mbele ya watazamaji waliowajua wazee wao vizuri, maana walikaa nao nyumba moja.

Akapanda hadi kundi la Maurice Schwartz kule New York, lililokuwa kilele cha jukwaa la Kiyidi. Alikuwa na miaka 31 alipoigiza kwa Kiingereza Broadway, penye kumbi kubwa za maigizo za New York, kwa mara ya kwanza, 1926, na hapo napo alipewa mzee. Studio ya Fox ilipomchukua kwa filamu, 1929, ikambadilisha jina: Muni, jina la nyumbani, likawa la ukoo, na mbele yake wakaweka Paul.

Scarface, ya 1932, nitaipitia haraka. Ni hadithi ya jambazi wa Chicago, Tony Camonte, na Muni anaigiza kwa nguvu nyingi mno. Mikono inarushwa kama anataka aonekane na aliyekaa kiti cha mwisho ukumbini. Jukwaa lilikuwa bado halijamtoka. Lakini tazama anavyotambulishwa sura. Yuko kwenye kiti cha kinyozi, taulo ya moto imemfunika uso mzima. Polisi anakuja kumkamata, taulo inaondolewa, na hapo ndipo unaona kovu la umbo la X shavuni. Kisha anawasha kiberiti chake kwenye beji ya yule polisi. Kovu lenyewe limetulia vizuri kwenye ngozi, halikuwekwa ili kutisha, na yeye haligusi wala haliangalii. Waigizaji wangu nikiwatia kovu hulipapasa siku nzima.

I Am a Fugitive from a Chain Gang ilitoka mwaka huohuo, na ndiyo ninayotaka muinunue. Mwongozaji ni Mervyn LeRoy, studio ni Warner Bros. Imetokana na maisha ya Robert Elliott Burns, mwanajeshi aliyerudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia akakosa kazi, akaingia kwenye wizi wa pesa zisizofika dola sita, akahukumiwa kufanya kazi ngumu kwa minyororo katika jimbo la Georgia. Alitoroka mara mbili. Filamu ilipokuwa ikitengenezwa bado alikuwa anatafutwa, na hata hivyo alikwenda studio kwa siri kusaidia, na Muni akapata kukaa naye.

Humu ndani hakuna ndevu za kubandika wala pua ya nta. Kuna jasho, vumbi na nywele zilizonyolewa vibaya. Sehemu ninayoirudia ni ya pingu. James Allen, ndivyo anavyoitwa kwenye filamu, anamwomba mfungwa mwenzake, Mwafrika wa Marekani mwenye mikono ya chuma, amgongee pingu za miguuni kwa nyundo kubwa, zipinde kidogo aweze kuchomoa miguu. Nyundo ikikosea kidogo tu, mguu umekwenda. Na mlinzi yuko karibu, hivyo hawezi kupiga kelele. Nyundo inashuka, Muni anameza sauti. Taya inakaza, mshipa wa shingo unasimama, macho yanataka kutoka, na midomo haifunguki. Nimesimamisha picha hapo mara nyingi nikitafuta poda, nikitafuta mstari wa kalamu, nikakosa. Maumivu yote yale ameyatengeneza kwa misuli.

Halafu mwisho. Allen ametoroka tena, anamwendea usiku mwanamke anayempenda, dakika moja tu, anarudi kinyumenyume gizani. Mwanamke anamuuliza anaishije. Kutoka gizani inatoka sauti: naiba. Uso umekwisha kumezwa na kivuli. Mimi ninayeishi kwa kupaka nyuso nimejifunza kwa filamu inayomalizika bila uso.

Watazamaji wa 1932 walikasirika kweli, na hasira ile ilisaidia kuongeza shinikizo dhidi ya adhabu ya minyororo. Burns aliachiwa huru kabisa 1945.

The Story of Louis Pasteur, ya 1936, kuhusu mwanasayansi wa Ufaransa, ndiyo iliyompa Oscar. Studio haikuiamini, ikaitengea fedha kidogo: nani angelipa kumtazama mtu mwenye hadubini? Muni alisoma kuhusu Pasteur, akazikodolea picha zake, akajipaka kwa kuzifuata. Ndevu zile, jamani. Mbandikaji wa haraka huweka pazia moja la nywele kutoka sikio hadi sikio. Za Muni ni chache karibu na mdomo, zinaongezeka zikiteremka, na rangi si moja. Anapozeeka hazigeuki nyeupe kwa mkupuo. Zinaanza kufifia kidevuni.

Hii ilinigusa kwa sababu nyingine pia. Sehemu kubwa ya mwisho ni kuhusu Joseph Meister, mtoto aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, Pasteur akamdunga chanjo ambayo haijajaribiwa vya kutosha kwa binadamu, akakaa akingoja. Kaka yangu aling'atwa na mbwa tukiwa wadogo. Namkumbuka mama akihesabu siku za kurudi hospitali kwa kuchora mistari ukutani kwa mkaa. Muni anapomwinamia yule mtoto kitandani halii, wala hatoi hotuba. Anamtazama tu, na unaona mtu anayehesabu siku. Diski yangu inakwama palepale baada ya hapo.

The Life of Emile Zola, kuhusu mwandishi wa Ufaransa, ilitwaa Oscar ya filamu bora ya 1937. Mwongozaji ni William Dieterle, yuleyule wa Pasteur. Kwa watu wa kazi yangu hii ni darasa: Muni alifuga ndevu zake mwenyewe, na filamu ikapigwa kinyumenyume, Zola mzee kwanza, kijana mwishoni, ili ndevu zipunguzwe kadiri umri unavyorudi nyuma. Ukijua hilo, utaona kwa nini hakuna mahali mshono unaonekana.

Lakini kuna jambo linaniuma ndani yake. Kiini cha hadithi ni Alfred Dreyfus, ofisa wa jeshi la Ufaransa aliyesingiziwa uhaini 1894 kwa sababu ni Myahudi, na Zola akahatarisha jina lake kumtetea. Katika filamu nzima neno Myahudi halitamkwi hata mara moja. Wakubwa wa jeshi wanapitia orodha ya maofisa, kamera inasogea, kidole kinapita juu ya karatasi, na kwa nukta chache unasoma neno hilo mbele ya jina la Dreyfus. Basi. Ukipiga chafya limekupita. Studio ilikuwa ya ndugu Warner, Wayahudi. Aliyemwigiza Dreyfus, Joseph Schildkraut, alikuwa Myahudi, na akapata Oscar. Na mtoto wa jukwaa la Kiyidi amesimama mahakamani anatoa hotuba ndefu kuhusu haki, wakati Hitler anatawala Ujerumani, na hakuruhusiwa kulitaja jina la watu wake mwenyewe. Mtazame wakati wa hotuba ile. Mikono ya Scarface imetulia. Anashikilia miwani tu, na sauti inafanya kazi yote. Nalilia filamu ile kwa sababu zote mbili.

Ipo nyingine ya 1937, The Good Earth, ambamo yeye na Luise Rainer wamepakwa wawe Wachina. Sikuinunua na siwashauri. Nimeiona mtandaoni. Macho yamevutwa, rangi imepakwa, na Anna May Wong, mwigizaji Mmarekani wa asili ya Kichina, alikuwepo na alinyimwa nafasi ya mke. Ufundi wa vipodozi ukifika hapo umekuwa wizi wa nafasi ya mtu mwingine.

Habari ninayoipenda zaidi kumhusu ni ya mkewe, Bella Finkel, naye wa ukoo wa jukwaa la Kiyidi. Alikuwa akikaa karibu na kamera. Picha ikikatwa, Muni hakumtazama mwongozaji kwanza, alimtazama Bella. Akitikisa kichwa kukataa, wanarudia.

Mwaka 1955, akiwa Broadway katika mchezo wa Inherit the Wind, ugonjwa ulimnyang'anya jicho moja. Alirudi jukwaani, na tuzo ya Tony, inayotolewa kwa kazi za jukwaani, akaipata. Filamu yake ya mwisho, The Last Angry Man ya 1959, ni ya daktari mzee Myahudi wa Brooklyn, Sam Abelman. Rafiki aliniazima. Hapo hatimaye yuko na uzee wake mwenyewe, mikunjo ambayo hakuna aliyeichora, akiigiza mtu wa kwao. Alifariki 1967.

Fugitive ninayo nyumbani Sinza na vijana ninaowafundisha wanaitazama kabla sijawaruhusu kushika sponji. Zola naitazama nao, nikisimamisha pale kidole kinapopita juu ya karatasi. Pasteur natafuta nakala nyingine. Mwenye diski nzima isiyo na mkwaruzo aniambie bei.