Taa ya kijani iliyonila wiki tatu

Nilisema hasira ikishuka ndiyo niandike. Haijashuka.

Ni amplifaya, yaani kikuza ishara, ya kupimia umeme ndani ya maji ya chumvi, ile unayoiunganisha na elektrodi mbili za fedha na kloridi ya fedha. Vipimo vyake mtajisomea. Mimi nina neno na taa. Taa moja ya kijani, ndogo kama punje ya mtama, inayopepesa kila sekunde kuonyesha kifaa ki hai. Kifaa chenyewe kinafungwa ndani ya kopo na kuzamishwa gizani. Anaonyeshwa nani, samaki?

Kila nikichora data naona miiba, mmoja kila sekunde. Nikalaumu elektrodi, nikaziloweka upya. Nikalaumu mawimbi, maana kebo ikitikisika ndani ya usumaku wa dunia nayo huzaa voltiji yake. Mwisho nikampigia fundi wa waliouza. Hata sijamaliza kueleza: "Kaka, bahari ina kelele za umeme. Vifaa hivi vinataka mtu mwenye uzoefu."

Uzoefu! Nikakitoa majini, nikaunganisha milango yake miwili ya kuingizia ishara kwa waya wa sentimita mbili. Miiba ileile. Bahari gani hiyo iliyomo ndani ya sentimita mbili za shaba?

Hesabu yenyewe ya mwanafunzi. Taa ikivuta miliampia 10, na umeme wake ukarudi betrini kwa njia ileile ya ardhi (waya wa pamoja wa kurudishia umeme) inayotumiwa na hatua ya kwanza ya kukuza, miliomu 1 tu ya njia hiyo inatosha kuzaa nanovolti (bilioni moja zake ndizo volti moja) 10,000. Mimi nawinda nanovolti chache! Tena kwenye hezi 1, yaani mara moja kwa sekunde, kama taa inavyopepesa. Baharini ishara ya hezi 50 hubaki kama theluthi baada ya mita 36 hivi. Ya hezi 1 husafiri karibu mita 250 ndipo ifikie hali hiyo. Kwenye hezi hizo za chini ndiko tunakofanyia kazi, na huko ndiko walikowasha taa.

Hapa nilikuwa nimeandika "msinunue". Nimefuta, kwa sababu juzi niliing'oa ile taa, na mstari ukatulia kama maji ya mtungini. Elektrodi zina ukinzani wa omu chache tu, kwa hiyo kinachotakiwa ni kelele ndogo ya voltiji, na aliyechagua transista za mlangoni alilijua hilo. Nikiweka rezista ya omu 50, ambayo kwa joto lake tu hutoa kelele ya karibu nanovolti 0.9 kwa kila kipeuo cha pili cha hezi, naiona wazi juu ya kelele ya kifaa. Sijawahi kushika amplifaya tulivu hivi, na ndiyo inayoniuma zaidi.

Basi nunueni, mkiwa na koleo mkononi. Ila nikimkumbuka yule fundi na "kaka" yake, msinunue. Niliwatumia michoro miwili, kabla na baada ya kung'oa. Wamejibu kwamba kwa kuing'oa taa nimeivunja waranti.